Kujaribu Kujiua Si Kosa la Jinai Tena: Tafuta Msaada Mapema

Mtu anapojaribu kujitoa uhai, anahitaji matibabu haraka. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimwona kuwa mkosaji. Chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, angeweza kufungwa hadi miaka 2.

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinawaadhibu watu kwa sababu ya afya yao ya akili. Kwa hivyo, familia isimfiche mgonjwa kwa kuogopa polisi. Apelekwe hospitalini mara moja. Wakazi wa Kanja wana hospitali ya Runyenjes, na ile ya rufaa mjini Embu.

Yapo pia mashirika yasiyo ya kiserikali yanayosaidia:

• Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha kupitia nambari 1199, bila malipo.

• Befrienders Kenya ina wahudumu wa kujitolea waliofunzwa kumsikiliza aliyekata tamaa, bila kumhukumu.

• Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2007, huwaleta pamoja wanaoishi na maradhi ya akili ili wasaidiane na kutetea haki zao.

Maradhi ya akili yanayodumu yanaweza kutambuliwa kama ulemavu. Mgonjwa hupimwa hospitalini, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.