Maji Yana Wenyewe

Wazee wa Ankole hawakuyaona maji, ardhi na radi kuwa vitu visivyo na mwenyewe. Juu ya yote waliamini yupo Ruhanga, Muumba. Chini yake walikuwapo emandwa, mizimu yenye nguvu, ambao wengi wao huhesabiwa kuwa Bachwezi, watawala wa kale waliotoweka. Mmojawapo ni Mugasha. Wahaya wa Bukoba humtaja kuwa bwana wa ziwa na dhoruba, naye hufanana kwa jina na kazi na Mukasa wa Baganda, mwenye Ziwa Viktoria.

Asafiriye kutoka Mbarara kwenda Masaka hupita karibu na Ziwa Mburo, lenye kisa chake. Ndugu wawili, Mburo na Kigarama, waliishi bondeni. Usiku mmoja Kigarama aliota ndoto kuwa hatari inawajia. Kulipopambazuka alimsihi nduguye wahamie mlimani, Mburo akapuuza. Kigarama akapanda peke yake. Bonde likafurika, Mburo akazama. Ziwa likachukua jina lake, na milima ikaitwa Kigarama.

Ziwa Nakivale limo katika mfungamano huo huo wa maziwa na vinamasi unaolishwa na mto Rwizi, upitao Mbarara. Kando yake yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliofika hapo kutoka nchi mbalimbali walikuja na masimulizi yao. Warundi wana Kiranga. Wanyarwanda wana Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati, ambaye mti wake ni umuko wenye maua mekundu. Ilisemwa kuwa wafuasi wake wakifa hupumzika juu ya mlima Karisimbi, na wasiomfuata hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Mkongomani wa Goma hahitaji kuelezwa moto huo: volkano hiyo ililipuka mwaka 2002 na tena 2021.

Hata mbali, huko New Zealand, Wamaori husimulia kwamba Rangi, baba mbingu, na Papa, mama ardhi, walikumbatiana gizani mpaka mwana wao Tāne, bwana wa misitu, alipowatenganisha. Tāwhirimātea, bwana wa pepo, akakasirika na kuwapiga nduguze kwa dhoruba. Imani ya namna hiyo haikubaki hadithi tu. Wamaori wa mto Whanganui huuhesabu mto huo kuwa mzee wao, na mwaka 2017 bunge la nchi hiyo likautambua kuwa mtu mbele ya sheria.

Rwizi haujapata mtetezi wa namna hiyo. Kingo zake zimelimwa, vinamasi vimekaushwa, mchanga umechimbwa, taka zimetupwa. Nao ndio mto unaounywesha mji wa Mbarara. Msikiti na kanisa vimechukua mahali pa emandwa katika nyumba nyingi, na hakuna haja ya kumrudia Mugasha kwa sadaka. Lakini adabu aliyoifundisha yafaa ibaki: mtoto afundishwe kutotupa taka mtoni, mkulima auachie mto ukingo wake, na familia iliyo kambini au kijijini ipande miti palipokatwa.

Kigarama alionywa usiku mmoja tu, akaondoka asubuhi yake. Wakazi wa bonde la Rwizi wameonywa kwa miaka mingi.