Misuli Dhaifu na Zoezi la Kipimo

Zamani misuli iliyodhoofishwa na maradhi ilionekana kama kanga iliyochakaa: ukiitumia, unaimaliza. Wagonjwa wakaamriwa wapumzike. Leo wataalamu wanasema vingine. Kwa wagonjwa wengi, zoezi la wastani linalosimamiwa vyema halidhuru, ilhali kukaa tu huongeza udhaifu juu ya udhaifu.

Kwa zoezi la aina hiyo, ufuo wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, una bahati yake. Mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi huko nje, na ndani maji hutulia, vuguvugu. Mtu akisimama maji yakimfika kifuani, miguu hubeba takriban thuluthi moja tu ya uzito wake. Asiyeweza kuvuka ua wa nyumba yake huenda akatembea humo. Ila asiingie peke yake, wala maji yakijaa.

Msambweni, kusini mwa Diani, ambako wagonjwa wa ukoma walitunzwa kwa miaka mingi, kuna somo jingine. Bakteria wa ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na vidole vikajikunja. Zoezi lake halitaki mashine: mkono hulowekwa, hupakwa mafuta, kisha vidole hunyooshwa taratibu kwa mkono wa pili, kila siku. Maji yasiwe ya moto, kwani ngozi yenye ganzi haimwonyi mwenyewe.

Mtoto mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ambao huwapata hasa wavulana, huhitaji tahadhari zaidi. Kunyanyua vyuma au kushuka ngazi mara kwa mara kunaweza kuijeruhi misuli yake. Kuogelea kwafaa zaidi. Akiumwa hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe. Mkojo ukiwa wa kahawia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.