Mtoto Asiwe Mkalimani wa Maradhi Yake

Daktari alieleza kwamba msichana yule wa miaka 15 amekuwa akijikata mikono kwa miezi kadhaa. Binti akamgeukia mama yake: "Anasema nina upungufu wa damu."

Mle chumbani, muuguzi nikiwa mimi, nilisikia Kiswahili chetu. Nikamwomba daktari tusimame kwanza, aitwe mkalimani. Binti akanitazama. Alijua nimeelewa.

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, mkalimani katika huduma za NHS ni bure, hata kwa simu. Mwombeni mnapoweka miadi. Msaada nao umesogea karibu: shule nyingi sasa zina timu za afya ya akili. Kwa walio England, piga 111, chagua 2. Utazungumza na wahudumu wa afya ya akili, usiku na mchana, awe mtoto au mtu mzima. Maisha yakiwa hatarini, piga 999.

Tumelelewa tukiambiwa nyumba husitiri mambo. Lakini mama yule hakusitiri lolote. Yeye ndiye aliyefichwa. Mkalimani alipomaliza, hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, tangu lini?"