KODE YA PROGRAMU YA MONTAJI: TUNALIPA KITU GANI?



Tangu mwanzo wa muhula swali moja linarudi kila mara katika mikutano ya wanafunzi. Kwaya ya shule inataka kumonte video ya nyimbo zake. Sisi wa mwaka wa mwisho tunataka kuacha filamu ndogo ya maisha yetu hapa, mbele ya Egzeta ya Serikali. Simu za kupiga picha tunazo, na kompyuta iko moja katika chumba cha informatiki. Kinachokosekana ni programu ya montaji, maana yake chombo cha kukata picha, kuzipanga, na kuweka sauti na maandishi.

Pesa imekwisha kukusanywa. Kila mmoja alitoa franka alizoweza, na wote tunajua zinatoka wapi: ni beseni la maharagi ya mama sokoni, ni kahawa ya baba, na kwa wenzetu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni ni pesa ya kibarua. Sasa mwenzetu mmoja amepata kwenye intaneti mtu anayeuzisha kode ya Premiere «ya maisha yote» kwa dola 20. Unatuma pesa kwa simu, anakutumia kode kwa WhatsApp. «Iko original, hapana ogopa», njo maneno yake. Wengine wanasema: tuchukue tu programu iliyovunjwa, hata studio za mjini zinafanya vile. Ijumaa iliyopita hatukupatana, na kamati ikaniomba nieleze jambo hili katika gazeti letu. Basi tulichunguze pole pole mbele ya pesa kutoka mkononi.

1. KODE NI RUHUSA, SI KITU

Ukinunua jembe sokoni, jembe ni lako. Unaweza kulitumia, kuliazimisha ao kuliuzisha. Programu haiko hivyo. Unacholipia ni leseni, ndiyo ruhusa ya kuitumia kwa masharti.

Wazee wetu Wanande wanajua jambo la namna hii toka zamani. Mtu aliyetaka kulima alienda kwa mwenye udongo, akatoa mbuzi wa muhako, akapewa fasi. Alilima, akavuna, na mavuno yalikuwa yake. Lakini udongo haukuwa wake, na hakuwa na haki ya kuuuzisha kwa mgeni. Kama mgeni alinunua kwa mtu kama huyo, alikuwa amelipa mtu asiye na kitu cha kuuzisha, na siku mwenye udongo anafika, mgeni anaondoka.

Programu ni sawa vile. Video utakayotengeneza ni mavuno yako, lakini programu ni udongo wa mtengenezaji. Kwa hiyo swali la kwanza si «bei gani?» Swali la kwanza ni hili: huyu anayeniuzishia, yeye mwenyewe alipewa ruhusa na nani?

2. KUAKTIVE MAANA YAKE NINI?

Wengi wanafikiri kode inafungua programu kama ufunguo unavyofungua kufuli, na kisha mambo yamekwisha. Hapana. Unapoandika kode, kompyuta inatuma habari mbili kwa seva ya mtengenezaji kupitia intaneti: kode yenyewe, na alama fulani za kompyuta yako. Seva inatazama katika daftari lake: je, kode hii tuliitoa sisi? Imekwisha kutumiwa kwa kompyuta ngapi? Imefutwa? Ikiona ni sawa, inarudisha jibu, na programu inafunguka.

Angalieni vizuri: daftari linabaki kwa mtengenezaji. Programu nyingi zinarudi kuuliza tena baada ya siku kadhaa. Njo maana kode inaweza kukubali leo na kukataa mwezi ujao. Muuzishaji anakwambia: «Si uliona ilifunguka?» Ni kweli ilifunguka, lakini kufunguka siku moja si ushuhuda kwamba ruhusa ni yako.

3. KODE ZA BEI YA CHINI ZINATOKA WAPI?

Si kila muuzishaji ni mwizi. Watengenezaji wengi wanao wauzishaji wenye idhini, na majina yao yanaonekana kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Lakini kode inayouzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kweli hutoka mara nyingi katika njia hizi:

a) Kode moja imeuzishwa kwa watu wengi. Wa kwanza anafurahi, wa kumi analia.

b) Leseni ya shule ao ya kampuni imekatwa vipande na kuuzishwa kwa watu wa nje. Siku shule ile inaacha kulipa, wote wanafungiwa.

c) Kode ilinunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi akilalamika, benki inarudisha pesa yake, na mtengenezaji anafuta kode.

d) Hupewi kode, unapewa jina na neno la siri la akaunti ya mtu mwingine. Siku akibadili neno la siri, umebaki mlangoni.

e) Kode haikuwako hata kidogo. Ulituma pesa, namba imezimwa.

Huko Ulaya jambo hili lilifika mahakamani. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtu aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuzisha tena, lakini lazima yeye mwenyewe aache kuitumia. Tena, aliyenunua leseni moja kwa ajili ya watu wengi haruhusiwi kuikata vipande. Basi hata kule ambako sheria inaruhusu kuuzisha tena, haikuruhusu mambo ya (a) na (b).

Wafanyabiashara wa Butembo wanaleta mizigo toka Dubai na Guangzhou, na wanajua namna ya kutofautisha original na feki. Mzigo ukipita Kasindi, karatoni inafunguliwa na kitu kinaonekana. Kode haina karatoni. Ni herufi na namba tu, na za uongo zinafanana na za kweli. Kwa hiyo huwezi kuchunguza kode yenyewe; chunguza mtu anayeiuzisha na masharti yake.

4. TUCHUNGUZE PROGRAMU MOJA MOJA

Premiere. Ni ya Adobe, kampuni ya Marekani. Toleo la mwisho lililouzishwa kwa leseni ya kudumu lilikuwa CS6 la mwaka 2012. Toka mwaka 2013 matoleo mapya yanalipiwa kwa mwezi ao kwa mwaka. Basi anayekuuzishia Premiere mpya «ya maisha yote» anauzisha kitu ambacho mwenye mali mwenyewe hauzishi. Hapo hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Final Cut Pro. Ni ya Apple, na haifanyi kazi kwenye Windows. Kompyuta ya shule ni ya Windows. Kwa hiyo hata kode iwe ya kweli namna gani, kwetu haina kazi.

DaVinci Resolve. Ni ya Blackmagic Design, kampuni ya Australia, iliyonunua mali ya da Vinci mwaka 2009. Iko na sura mbili. Ya kwanza ni ya bure kabisa, na mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeitoa. Ya pili, inayoitwa Studio, inalipiwa mara moja, na bei yake Marekani imekuwa dola 295 hivi kwa miaka mingi. Kode yake inakubali kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Mtu akiwauzishia kumi kode moja, hesabu yenyewe inamshitaki.

5. NA ZILE ZILIZOVUNJWA?

Programu iliyovunjwa ni programu ambayo mtu ameharibu mlango wake ili isiulize tena ruhusa. Wanaoitoa wanakwambia kwanza: «Zima antivirusi.» Tujiulize, mgeni akikwambia ufunge mbwa mbele ya yeye kuingia usiku, anakuja kufanya nini?

Toka mwaka 2018 kumekuwako kirusi kinachojulikana kama STOP ao Djvu, ambacho kilienea sana kwa kujificha ndani ya programu zilizovunjwa. Kinafunga kila faili ya kompyuta, picha, sauti na maandishi, kisha kinadai pesa. Fikirini studio inayotunza video za arusi na za maziko. Arusi hairudiwi, na marehemu hapigwi picha tena. Kwetu sisi, kompyuta ile ile ya kwaya njo inayotunza pointi za wanafunzi na barua za shule.

Tena kuna sheria. Katika nchi yetu Ordonansi-lwa namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na toka tarehe 13 Machi 2023 tunayo Kode ya Mambo ya Dijitali. Na hata kama polisi hafiki katika chumba cha informatiki, amri ya nane inafika. Kwaya itaimbaje juu ya haki kwa chombo cha kuiba?

6. NAMNA YA KUWEKA PROGRAMU VIZURI

Kwa wale wenye kununua kwa haki, leo ao kesho watakapofanya kazi, hizi ndizo hatua:

Kwanza, uangalie nguvu ya kompyuta mbele ya kulipa. Resolve inataka RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha. Kwa mashini ndogo utangoja mpaka uchoke.

Pili, ukamate programu kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa faili lililotumwa na muuzishaji. Programu na kode ni mambo mawili.

Tatu, urekebishe tarehe na saa. Wengi hawajui hili. Kompyuta ya zamani inayozimika kila mara umeme unapokatika, ikiwa pile yake ndogo ya duara imekwisha, inarudi miaka nyuma. Seva ikiona tarehe ya uongo, mazungumzo ya siri kati yao yanakatika, na kode njema inaonekana kama mbaya. Badilisha pile, rekebisha saa, jaribu tena.

Nne, ufungue akaunti kwa imeli yako mwenyewe, ao kwa imeli ya shule. Usikubali akaunti ya muuzishaji.

Tano, usimpe muuzishaji njia ya kuingia katika kompyuta yako toka mbali, hata akisema anataka kukusaidia tu. Mtu wa haki atakueleza, na wewe utafanya kwa mkono wako.

Sita, utunze risiti na kode kwenye karatasi. Na mbele ya kufuta Windows ao kuuzisha kompyuta, uondoe leseni kwanza katika kompyuta hiyo, isije ikahesabiwa kwamba ingali pale.

7. KUMBE IKO YA BURE NA YA HAKI

Ziko programu ambazo watengenezaji wenyewe wameruhusu watu wote kuzitumia, kuzichunguza na kuzigawa: Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002, na pia Shotcut na OpenShot. Hazina kode, hazina tarehe ya mwisho. Zinakata picha, zinapanga sauti, zinaweka majina ya waimbaji chini ya picha. Na kwa sisi wa huku ambako mega zinakwisha haraka, iko faida nyingine kubwa: mmoja akiisha kuipakua, anaweza kuwapa wenzake wote kwa flashi, na hakuna aliyeiba. Masharti yao yenyewe yanasema gawaneni.

Mtu atasema: «Lakini studio kubwa zinatumia Premiere.» Ni kweli. Lakini anayejua kukata picha kwa wakati wake, kusikiliza sauti vizuri na kupanga habari, atajua kufanya hivyo kwa kila programu. Asiyejua, hata Premiere ya dola 20 haitamfundisha.

MANENO YA MWISHO

Ijumaa hii kamati itakutana tena, na kila darasa litakuwa na sauti. Langu ni hili: tusitume franka hata moja kwa yule muuzishaji. Tuweke Kdenlive katika kompyuta ya shule, tujaribu wimbo mmoja wa kwaya, tuone. Pesa iliyokusanywa inunue diski ya nje ya kutunza video zetu na mikro nzuri, maana wengi tumeona kwamba katika video zetu sauti njo inaharibika kupita picha. Vitu hivyo viwili vinaonekana kwa macho, vinauzishwa hapa mjini, na vikiharibika tunajua mlango wa kurudishia.

Mwenye wazo lingine aje nalo Ijumaa, alieleze mbele ya wote. Lakini asije na «iko original» peke yake. Aje na jibu la swali moja: nani alimpa yule mtu ruhusa ya kutuuzishia?

Bwana awabariki katika masomo yenu.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la mwisho, sehemu ya Biashara