Kitambaa cha Kijani na Mtaji wa Mwalimu Mstaafu

Kozi ya Learning How to Learn, iliyoanza kutolewa mtandaoni mwaka 2014 kupitia jukwaa la Coursera, ilirekodiwa katika chumba cha chini ya nyumba huko Michigan, Marekani. Mwalimu wake, Barbara Oakley, profesa wa uhandisi, alikuwa anakaribia miaka 59 na hakuwa mtu wa video. Alitafuta maelekezo kwenye intaneti, akaweka taa, akatundika kitambaa cha kijani ukutani, na mumewe, Phil, akashika upande wa mitambo. Kila walipomaliza kurekodi, kitambaa kilipandishwa juu na kubanwa ili paka wao, Theo, asikiharibu. Gharama yote ilikuwa kama dola 5,000, na kufikia 2017 waliojiandikisha walikuwa wamefika milioni 1.8. Ni kitambaa hicho kilichokingwa dhidi ya paka kinachonivutia, kwa sababu kinavunja dhana inayowarudisha nyuma walimu wengi wenye umri mkubwa: kwamba darasa la mtandaoni linaanza na studio, na studio ni ya vijana.

Naona umri wa Oakley ulikuwa sehemu ya mtaji wake. Shuleni hesabu zilimshinda. Aliingia jeshini, akasomea Kirusi, na alikuwa na miaka 26 aliporudi kuanza hesabu kutoka chini kabisa; aliwahi pia kuwa mkalimani kwenye meli za uvuvi za Wasovieti. Ndiyo maana anapoeleza jinsi akili inavyofanya kazi hachukui njia ya vitabu. Anaonyesha mchezo wa pinball, wa mpira unaodunda kati ya vigingi: ukikaza fikra, vigingi husongamana na mpira huzunguka palepale; ukijilegeza, vigingi huachana na mpira hufika mbali. Kwa hiyo aliyekwama kwenye swali ana haki ya kuinuka, atembee, kisha alirudie. Maelezo ya namna hii hutoka kwa mtu aliyewahi kukwama mwenyewe. Mwalimu aliyefundisha Kidato cha Pili miaka 30 anao ujuzi wa aina hiyohiyo. Anajua ni mstari upi wa mlinganyo unaowapoteza wanafunzi, na anajua kosa litakalofuata kabla halijaandikwa. Hakuna duka la kamera linalouza kitu hicho.

Msomaji atapinga kwamba Oakley alikuwa profesa tayari, alifundisha pamoja na mwanasayansi wa ubongo Terrence Sejnowski, na jukwaa kubwa lilimbeba. Ni kweli, na mwalimu mstaafu wa mji kama Songea asiahidiwe mamilioni ya wanafunzi. Lakini mamilioni hayo hayahitaji. Wanafunzi kumi wanaolipa kila wiki ni biashara, na kwa kumi hao ubora wa maelezo una uzito zaidi kuliko jina la chuo. Ninachokataa ni mtu kustaafu akiwa na miaka 60, kisha kiinua mgongo kikaishia kwenye vifaa kabla hajapata hata mwanafunzi mmoja. Simu, mwanga wa dirishani na bando linalotosha vinaweza kuanza kazi.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu fedha. Preply, jukwaa linalowaunganisha walimu binafsi na wanafunzi, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio. Baada ya hapo mwalimu mgeni hukatwa asilimia 33, na makato hushuka taratibu hadi asilimia 18 akishapita saa 400 za kufundisha. Kwa hiyo anayetoza dola 10 kwa saa hubaki na dola 6.70 mwanzoni, na huo ndio wakati anaohitaji fedha zaidi. Jukwaa litajibu kwamba ndilo lililomleta mwanafunzi na kusimamia malipo, na jibu hilo lina haki yake, maana kutafuta wateja ni kazi ambayo mwalimu wa shule hakuwahi kufundishwa. Hata hivyo sioni kwa nini mzigo mkubwa umwangukie anayeanza. Na mwanafunzi aliyekaa na mwalimu mmoja mwaka mzima kwa sababu ya maelezo yake, ni wa jukwaa au ni wa mwalimu?