Mabaki ya dawa katika maziwa hayatambuliki kwa macho wala ulimi

MAZIWA yanapofikishwa katika kituo cha kukusanyia, mpokeaji huyanusa, huyapima kwa laktomita ili kujua kama yameongezwa maji, kisha huyachanganya na alkoholi ili kubaini kama yameanza kuchacha. Yakifaulu, humiminwa katika tangi la kupozea pamoja na ya wafugaji wengine.

Vipimo hivyo, vilivyozoeleka katika vituo vya Afrika Mashariki, haviwezi kugundua jambo moja: mabaki ya antibiotiki alizotibiwa ng'ombe. Maziwa yenye mabaki hayo huwa meupe, matamu na yenye harufu njema kama mengine.

Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa kiwele, ambao hutibiwa kwa kuingiza dawa kupitia chuchu au kwa sindano. Baada ya tiba, dawa huendelea kutoka na maziwa kwa siku kadhaa. Hata chuchu moja tu ikitibiwa, dawa huweza kupita katika damu na kufika kwenye chuchu nyingine, hivyo kumwaga maziwa ya chuchu iliyougua pekee hakutoshi.

Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula, imeweka ukomo wa mikrogramu 4 za penisilini (benzilipenisilini) kwa lita moja ya maziwa. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu ya dawa hiyo inatosha kulifikisha tangi la lita 250,000 kwenye ukomo huo. Ndiyo maana ng'ombe mmoja anaweza kuharibu maziwa ya kijiji kizima.

Njia iliyoenea ya kugundua mabaki hayo hutumia bakteria asiye na madhara aitwaye Geobacillus stearothermophilus, anayestawi katika joto kali na kudhuriwa kwa urahisi na antibiotiki. Bakteria huyo huwekwa katika kichupa chenye jeli, sukari na rangi ya zambarau.

Mpimaji hudondosha maziwa kidogo ndani ya kichupa na kukiweka katika joto la nyuzi 64 za Selsiasi kwa takriban saa tatu. Maziwa yakiwa salama, bakteria huzaliana, hutoa asidi na jeli hugeuka kuwa ya njano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kilichowazuia kukua, na maziwa hayo hutiliwa shaka.

Njia ya pili ni ukanda mdogo wa karatasi unaochovywa katika maziwa na kutoa jibu kwa mistari ya rangi ndani ya dakika chache. Huo huwafaa wapokeaji wa maziwa wasioweza kulisubirisha gari kwa saa tatu.

Hata hivyo, kila njia ina upungufu wake. Kichupa hakitaji jina la dawa iliyopo, nao ukanda uliotengenezwa kwa ajili ya kundi la penisilini hautaona tetrasaiklini. Uthibitisho wa mwisho hufanywa na mitambo ya maabara, ambayo ni ghali na huhitaji wataalamu.

Wapo wanaoamini kuwa kuchemsha kunamaliza tatizo. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini hakutoshi kuondoa dawa. Anayekunywa maziwa hayo anaweza kudhurika ikiwa mwili wake haupatani na penisilini, na matumizi holela ya dawa huchangia kuzuka kwa bakteria sugu wasiosikia tiba. Kiwandani nako, maziwa hayo huweza kukataa kuganda kuwa mtindi kwa sababu kimea kimeuawa.

Kinga ya kwanza, basi, iko zizini. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kifungashio, ambao mfugaji hapaswi kuuza maziwa kabla haujaisha. Wataalamu hushauri ng'ombe aliyetibiwa awekewe alama, tarehe ya tiba iandikwe, na akamuliwe wa mwisho kwa chombo chake.

Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili, siku hizo ni siku zisizo na kipato, na hapo ndipo kishawishi cha kunyamaza huingia. Mahali ambapo hakuna kichupa wala ukanda, mnywaji hubaki akitegemea uaminifu wa mkamuaji.