Kuku Anayeatamia na Afya ya Watoto Nyumbani

Mayai yenye mbegu yakiatamiwa na kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi. Kuku huwekewa mayai 8 hadi 12, safi na yasiyo na ufa, kiasi cha kuyafunika vyema. Kila yai hutiwa alama ya penseli, ili yatakayotagwa baadaye yaondolewe kila siku. Siku ya 7 yai humulikwa kwa tochi gizani: lenye mishipa ya damu lina uhai, lililo tupu huondolewa. Yai viza lisipasuliwe wala kuliwa. Kuanzia siku ya 18 kuku aachwe atulie.

Furaha ya vifaranga isiwasahaulishe wazazi hatari iliyopo. Kifaranga anayeonekana mzima huweza kubeba vijidudu vya salmonela katika kinyesi na manyoya yake. Vijidudu hivyo huleta kuhara, homa na msokoto wa tumbo. Kwa hiyo:

• Watoto walio chini ya miaka 5 wasishike vifaranga.
• Vifaranga wasibusiwe wala kuingizwa jikoni.
• Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa kuku, mayai au banda.
• Viatu vya bandani vibaki nje.

Mtoto anayehara damu au mwenye homa kali apelekwe kwa daktari upesi, na daktari aelezwe kwamba nyumbani kuna kuku.

Aidha, karibu nusu ya vifaranga huwa majogoo, na miji mingi ya Marekani hairuhusu jogoo. Sheria ya mji iulizwe kabla ya kuatamisha.